Hima ya Umar na bonde la Ihefu: Nani azuiwe kwanza?

KIFUNGU cha nne cha Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 kina jambo ambalo Mwislamu akilisoma anapaswa kusimama kidogo. Kwa mujibu wa kifungu hicho, ardhi yote ya Tanzania ni ardhi ya umma, na imewekwa mikononi mwa Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya raia wote. Haikuandikwa kuwa ni mali ya Rais, wala ya chama, wala ya wizara. Limetumika neno mdhamini. Sisi tuliopita madrasa tuna neno letu la zamani kwa jambo hilo hilo, nalo ni amana. Na habari za aliyepewa amana tunazijua: hana ruhusa ya kuila, hana ruhusa ya kuiacha iharibike, na siku mwenyewe akiitaka lazima aioneshe ilivyo.

Sasa mwenyewe wa ardhi ya umma ni nani? Ni sisi tulio hai leo peke yetu? Je, wamo na wale ambao hawajazaliwa? Je, tembo na kiboko wana fungu? Na huyo mdhamini anapokaa na wataalamu wake kupanga matumizi ya pori kwa miaka kumi, ishirini au hamsini ijayo, ana haki kiasi gani ya kumwondoa aliye hai kwa ajili ya atakayekuja? Kwa watu wa Mbeya na Iringa haya si maswali ya darasani. Yamekwisha kuvunja nyumba za watu, na yamekwisha kukausha mto.

Msafiri wa basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya, akishapita Makambako na kuteremka Igawa, huona mkono wa kulia tambarare ambayo mwisho wake hauonekani. Hilo ndilo bonde la Usangu, wilaya ya Mbarali. Mkono wa kushoto iko milima ya Kipengere na Uporoto, na kutoka huko hushuka mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ruaha yenyewe. Ndembera huja kutoka upande wa Iringa. Maji yote haya hukusanyika katika ardhi oevu ya Ihefu, yakatokea kwenye kizingiti cha mwamba mahali paitwapo Ng'iriama, yakaingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha bwawa la Mtera, kisha Kidatu, na mwisho wake Rufiji na bahari. Yaani mto mmoja unanywesha mpunga wa Mbeya, nyati wa Iringa na taa za Dar es Salaam.

Wajerumani walitenga sehemu ya eneo hilo kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1910, Waingereza wakaiendeleza kwa jina la Rungwa, na mwaka 1964 upande wake wa kusini ukawa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ihefu yenyewe haikuwamo. Ilikuwa malisho na mavuvi ya Wasangu, na baadaye ya Wasukuma, Wamasai na Wabarabaig waliokuja na ng'ombe wao. Mpunga wa mifereji nao una historia inayotuhusu sisi Waislamu, kwa kuwa miongoni mwa walioanzisha kilimo hicho kule Rujewa, kabla ya uhuru, ni Wabaluchi, ndugu zetu katika dini. Kisha Serikali ikajenga mashamba makubwa: Mbarali kwa msaada wa Wachina miaka ya 1970, halafu Kapunga, halafu skimu ya Madibira. Pembeni yake wakulima wadogo wakachimba mabanio na mifereji yao isiyo na idadi.

Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ukakatika. Mto ambao wazee hawakuwahi kuuona ukisimama ulikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wakabaki wamesongamana kwenye madimbwi ya matope. Tangu hapo ikawa desturi ya kila mwaka. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi mbele ya wageni mjini London kwamba ifikapo mwaka 2010 mto ungekuwa unatiririka mwaka mzima. Ahadi nzuri. Ilikuwa, kwa lugha ya waraka, mpango wa muda mrefu.

Kilichofuata kinajulikana. Mwaka 1998 Usangu ilikuwa imetangazwa kuwa pori la akiba. Mwaka 2006, nchi ikiwa gizani kwa mgawo wa umeme na Mtera imeshuka, Serikali ikatangaza kwamba wafugaji wanaharibu vyanzo vya maji, na operesheni ikaanza. Makundi makubwa ya ng'ombe yakaswagwa kutoka Usangu kuelekea Lindi na Pwani, yakipakiwa kwenye malori na mabehewa, mengine yakifa njiani, na wenye mifugo wakilalamika kutozwa faini na kunyang'anywa. Malalamiko yalipozidi, mwaka 2007 Rais Jakaya Kikwete aliunda tume ya kuyachunguza. Mwaka uliofuata likatoka Tangazo la Serikali Na. 28 la 2008 lililoiunganisha Usangu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hifadhi ikapita kilomita za mraba 20,000 na kutajwa kuwa kubwa kuliko zote nchini. Ndani ya mstari huo mpya vikajikuta vijiji vizima, vikiwa na misikiti, makanisa, shule na makaburi.

Na mto? Mwaka 2010 ulifika, ukapita. Mto uliendelea kukatika. Mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alikwenda Iringa kuzindua kikosi kazi cha kuuokoa mto ule ule.

Kabla ya kulaumu, tuangalie sharia inasemaje kuhusu kutenga ardhi. Wako Waislamu wenzetu wanaodhani habari ya hifadhi ni mambo ya Wazungu na kamera zao. Hilo si kweli. Fiqhi ina mlango mzima unaoitwa hima, na hima ni ardhi ambayo kiongozi ameizuia isichungwe wala kumilikiwa na mtu binafsi kwa ajili ya maslahi ya umma. Mtume (s.a.w.) aliizuia ardhi ya Naqi' kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Sayyidna Umar (r.a.) akazizuia Sharaf na Rabadha. Al-Mawardi ameieleza katika kitabu chake cha hukumu za utawala, na mafaqihi wa madhehebu zote wana maneno juu yake. Kwa hiyo asitokee mtu kusema kwamba katika Uislamu kila pori ni la kufyeka.

Lakini hima ya Kiislamu ilikuja kuivunja hima nyingine. Imam Shafi'i ameeleza desturi ya wakubwa wa Kiarabu zama za Jahiliyya: bwana mkubwa akifika mahali penye majani mazuri, humpandisha mbwa kilimani akambwekesha, na pale sauti ya mbwa inapokomea kila upande ndipo mpaka wake. Ndani ya mpaka huo anachunga yeye tu, na nje yake anachunga pamoja na watu. Vita vya Basus, vilivyowamaliza watoto wa baba mmoja kwa miaka na miaka, vilianzia kwa ngamia jike aliyeingia katika malisho ya mkubwa mmoja wa namna hiyo akapigwa mshale. Mtume (s.a.w.) alikata mzizi huo alipofundisha kwamba hakuna hima isipokuwa ya Allah na Mtume Wake. Maana yake, kama walivyoieleza wanazuoni, ni kwamba ardhi haizuiwi kwa matamanio ya mtu. Huzuiwa kwa haja ya umma tu, na kwa kiasi cha haja hiyo.

Nimefundisha somo hili kidato cha tano mara kadhaa, na kila mwaka yupo mwanafunzi anayeuliza: Ustadh, sasa tutajuaje kama mpaka huu umewekwa kwa haja ya umma au kwa sauti ya mbwa? Ni swali zuri kuliko mengi yanayoulizwa bungeni. Jawabu lake naliona katika habari moja aliyoipokea Bukhari, nayo nataka tukae nayo.

Umar alimweka mtu aitwaye Hunayy, aliyekuwa mtumwa wake kisha akamwacha huru, kuwa msimamizi wa hima. Alipomkabidhi kazi hakumpa ramani. Alimpa wasia. Alimtaka awe mpole kwa Waislamu, na aiogope dua ya aliyedhulumiwa kwa kuwa dua hiyo hujibiwa. Kisha akamwelekeza jambo ambalo sijaliona katika mpango wowote wa hifadhi: mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache aruhusiwe kuingia, na wanyama wa Abdurrahman ibn Awf na wa Uthman ibn Affan wazuiwe. Tazama majina hayo. Hao ni katika watu kumi waliobashiriwa Pepo, ni matajiri waliotoa mali zao kwa ajili ya dini, mmoja wao akaja kuwa Khalifa. Umar hakuwazuia kwa kuwatuhumu. Sababu aliyoitoa ni ya mtu anayejua hesabu: hawa wawili mifugo yao ikiangamia watarejea kwenye mitende na mashamba yao, ama yule mwenye vichache vyake vikiangamia atakuja na watoto wake kumlilia Amirul-Muuminina, naye hawezi kuwatupa. Kwa hiyo majani na maji, akasema kwa maana, ni rahisi kwake kuliko kuja kuwalipa dhahabu na fedha.

Hakuishia hapo. Alikiri kwamba watu wa mahali pale wanaona amewadhulumu, kwa sababu ile ni nchi yao, waliipigania zama za Jahiliyya na wakasilimu wakiwa juu yake. Na akaapa kwamba lau si wanyama anaowapandisha watu katika njia ya Allah, asingewazuilia hata shibiri moja ya nchi yao.

Ndugu msomaji, tuchukue kipimo hicho twende nacho Mbarali. Umar anatufundisha kuuliza: anayezuiwa kwanza ni nani? Haja yenyewe ni ipi hasa? Na je, wenyeji wamekiriwa kuwa ni wenyeji, au wamegeuzwa wavamizi kwa tangazo la gazeti la Serikali?

Mwaka 2006 alianza kuzuiwa mwenye ng'ombe. Sisemi kwamba ng'ombe hawakuwa wengi mno, walikuwa wengi, na baadhi yao, kwa maneno ya watu wa huko, walikuwa wa wakubwa wa mjini ambao hawajawahi kukanyaga tope la Ihefu. Lakini watafiti waliofanya kazi Usangu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamekwishaeleza kwamba ng'ombe hawezi kunywa mto. Sababu kubwa ya kukatika kwa Ruaha ni maji yanayochepushwa kiangazi kwenda mashambani kupitia mabanio, mengine yakizunguka katika mifereji na kupotelea kwenye majaruba yasiyo na kitu, wakati ambao mto una maji kidogo kabisa. Ihefu ni kama beseni. Usipolijaza hadi kufikia kizingiti cha Ng'iriama, hakuna kitakachotoka, hata ukiondoa kila ng'ombe aliyemo.

Wafugaji wakaondoka. Mabanio yakabaki wazi. Yule aliyeweza kurejea kwenye mitende yake hakuguswa, na yule mwenye vichache akapandishwa lori. Matokeo yake ndiyo yale aliyoyaogopa Umar, kwamba gharama itarudi kwa Bait-ul-Mal kwa mlango mwingine. Ng'ombe waliotolewa Usangu walifika kwenye mashamba ya wakulima wa Rufiji na Kilwa, na ugomvi wa mkulima na mfugaji, uliokuwa wa Mbeya, ukapata makazi mapya Pwani.

Itasemwa: wewe mwalimu wa dini unatetea wafugaji, na wanyamapori nani awatetee? Mimi ninawatetea wanyamapori pia, tena kwa hoja ambayo mkulima wa mpunga hataipenda. Katika Suratul An'am, aya ya 38, Allah (SW) ametujulisha kwamba wanyama wa ardhini na ndege ni umma kama sisi. Na kisa cha Nabii Salih (a.s.) na watu wa Thamud, kinachokuja katika sura kadhaa ikiwemo Ash-Shu'araa, kimejengwa juu ya zamu ya maji: ngamia alikuwa na siku yake ya kunywa na watu walikuwa na siku yao. Wale watu walikuwa wachonga milima na wenye mabustani, watu wa maendeleo kwa lugha ya leo. Waliona siku moja ya mnyama ni hasara, wakamuua. Mafaqihi nao wamepanga daraja za maji, na daraja ya kwanza ni kiu, kiu ya mtu na kiu ya mnyama. Kumwagilia shamba huja nyuma yake. Kwa daraja hizo, mpunga unaopandwa kiangazi kwa maji ambayo kiboko na nyati wa chini wangeyanywa, na wanakijiji wa chini wangeyachota, hauna hoja ya kisharia hata mwenye shamba akiwa na kibali cha maji chenye muhuri. Hili linawahusu Wabaluchi wetu wa Rujewa, linaihusu kampuni iliyonunua shamba la Serikali, na linamhusu mkulima wa ekari moja.

Mtume (s.a.w.) aliamua kesi kama hii Madina. Katika mabonde ya Mahzur na Mudhaynib alihukumu kwamba wa juu azuie maji mpaka yafike kifundo cha mguu, kisha amwachie wa chini. Wa juu ana haki ya kutangulia, ila haki hiyo ina kimo. Nani amepima kifundo katika mabanio ya Usangu? Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina vibali na ada, lakini kibali huandikwa kwa kiasi cha maji kwenye karatasi, na Septemba mto hausomi karatasi. Zaidi ya hayo, wanakijiji wengi hutegemea mfereji ule ule kwa maji ya nyumbani. Ukiufunga bila kuwachimbia visima, umewahamishia kiu wao. Kisima ni kitu kidogo katika bajeti ya mradi wa hifadhi, lakini hakipigwi picha kama gari jipya la doria.

Turudi kwa wale ambao hawajazaliwa, kwa kuwa wao ndio hoja kubwa ya kila mpango wa muda mrefu. Uislamu unawatambua. Iraq ilipofunguliwa, baadhi ya Masahaba, akiwemo Bilal (r.a.), walitaka ardhi ya Sawad igawiwe wapiganaji kama ngawira. Umar alikataa. Aliwauliza, kwa maana, watakaokuja baadaye watabakiwa na nini, na akashika aya za Suratul Hashr zinazowataja watakaokuja baada ya Muhajirina na Ansari. Ardhi ikabaki kuwa ya umma, mapato yake yakiendelea kwa vizazi. Hapa wapenda hifadhi wana dalili iliyo nzito kuliko kaulimbiu zao zote.

Ila tusome habari yote, maana watu hupenda kukata kipande. Umar hakuamua peke yake akiwa ndani ya nyumba. Abu Yusuf anasimulia katika Kitabul Kharaj kwamba waligombana kwa siku kadhaa, akaita watu kumi katika Ansari, watano wa Aws na watano wa Khazraj, akawaeleza kwamba yeye ni mmoja wao tu na wawe huru kumpinga. Baada ya kukubaliana ndipo akamtuma Uthman ibn Hunayf kwenda kuipima ardhi na kuona kila sehemu inabeba nini. Na wakulima waliokuwa juu ya ardhi ile, ambao hata Waislamu hawakuwa, waliachwa wakaendelea kulima wakilipa kharaji. Yaani kwa ajili ya vizazi vijavyo waliozuiwa kuichukua ardhi ni wapiganaji wenye nguvu. Mkulima hakufukuzwa.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Tangazo lilitoka 2008, kipimo kikafuata baadaye. Kwa zaidi ya miaka kumi watu wa vijiji vile waliishi bila kujua kama wapande miti au wafunge mizigo. Januari 2019 Rais John Magufuli alisimamisha uondoaji wa vijiji vilivyokuwa ndani ya hifadhi mbalimbali nchini na kuunda timu ya mawaziri. Oktoba 2022 mawaziri walifika Mbarali na kutangaza kwamba baadhi ya maeneo yatarudishwa kwa wananchi, lakini vijiji vitano na vitongoji kadhaa vitaondoka. Wananchi mamia wakafungua kesi Mahakama Kuu Mbeya. Oktoba 2023 likatoka Tangazo jingine, Na. 754, la kurekebisha mipaka ya mwaka 2008. Kama mpaka uliweza kurekebishwa 2023, basi ungeweza kupimwa vizuri 2008, na miaka kumi na mitano ya watu isingepotea.

Wakati huo huo kulikuwa na mradi wa kuendeleza utalii wa kusini uliojulikana kwa jina la REGROW, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150 ulioidhinishwa mwaka 2017, na Ruaha ikiwa moja ya hifadhi zake. Mwaka 2023 malalamiko ya wanavijiji juu ya ukatili wa askari wa hifadhi na kukamatwa kwa mifugo yalifikishwa katika Jopo la Ukaguzi la Benki hiyo. Aprili 2024 Benki ikasimamisha fedha, na Novemba 2024 mradi ukafutwa. Wapo waliofurahi. Mimi ilinisikitisha kwamba mwananchi wa Mbarali alilazimika kupeleka mashitaka yake Washington ndipo yasikike. Wasia wa Hunayy ulikuwa wa kuogopa dua ya mdhulumiwa, nayo haihitaji wakili wala barua pepe.

Na hapa niseme jambo kwa wasomaji wa gazeti hili. Tumezoea kupaza sauti pale anapoguswa Mwislamu. Waliohamishwa Usangu wengi wao si Waislamu, na pengine ndiyo sababu misikiti yetu ya mjini haikusema kitu. Lakini wanazuoni wameweka wazi kwamba dua ya aliyedhulumiwa haizuiwi hata akiwa si Mwislamu. Isitoshe, sisi wa mjini tumo ndani ya kesi hii. Pilau ya Idd tunayoisifu kwa mchele wa Mbeya imepikwa kwa maji ya Ruaha. Feni inayozunguka msikitini imezungushwa na maji ya Mtera na Kidatu, na bwawa la Julius Nyerere lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024 nalo liko chini ya mto huo huo. Tunachukua kwa mikono miwili, kisha tunamnyooshea kidole mchungaji.

Ng'ambo ya pili ya hifadhi, upande wa Iringa, vijiji 21 vya Idodi na Pawaga viliingia katika mpango wa MBOMIPA tangu miaka ya 1990, ambapo wanavijiji wenyewe walitenga sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya wanyama, wakawa na jumuiya yao, doria yao na mgao wa mapato. Sitaki kuusifu kupita kiasi. Mapato ni madogo, na sehemu nzuri ya keki hukatwa Dar es Salaam na Dodoma kabla haijafika Idodi. Lakini tofauti na Ihefu ni kwamba pale mtu aliulizwa kwanza. Tembo akipita kwenye mahindi yake hukasirika kama mtu yeyote, ila anajua mkutano uko wapi na mwenyekiti ni nani.

Hifadhi za taifa huandikiwa mpango wa usimamizi wa miaka kumi kumi. Hicho ni kitabu kizito, chenye ramani za rangi, na huandikwa kwa Kiingereza. Mdhamini anayeandika hesabu za amana kwa lugha ambayo mwenye amana haisomi, hesabu hizo kamwandikia nani? Ningependa mpango ujao wa Ruaha usomwe kwa Kiswahili Rujewa, Madibira, Idodi na Pawaga kabla ya kutiwa saini, na ndani yake iandikwe kwa tarakimu ni maji kiasi gani yatapita Ng'iriama kila Septemba, ni banio la nani litafungwa kwanza yakipungua, na ni kisima gani kitakuwa kimechimbwa kabla ya banio hilo kufungwa. Orodha ya mabanio ianzie kwa mashamba makubwa, kwa mpangilio wa Umar, kisha ishuke. Atakayeondolewa kwa haja isiyoepukika alipwe kabla hajabomoa, kwa bei anayoikubali, na aoneshwe anakokwenda.

Masheikh wetu wa Mbeya na Iringa hualikwa katika vikao vya wadau kufungua kwa dua. Safari nyingine wakialikwa, wakishasema amin, wasiondoke. Wakae, waombe jedwali la maji ya kiangazi, waulize safu ya kwanza ni ya nani.